Shata inapotikisa picha: historia fupi, na jaribio la usiku hapa Manyatta

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa ninapigana na kamera. Leo sitaongea habari za programu sana (ingawa kuna kiprogramu kimoja huko mbele), nataka tuongee historia ya kidude kidogo kinachoitwa shata, yaani kile kilango ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwa muda uliopimwa. Kidude hiki kimenitia aibu mbele ya majirani.

Mambo yalianza hivi. Hapa Manyatta kuna mzee aliyekuwa na studio ya picha miaka ya sabini na themanini. Studio ilifungwa zamani, lakini negativu alizihifadhi: masanduku sita, kila fremu inchi mbili na robo kwa inchi mbili na robo. Watu wa harusi, watoto wa shule wenye soksi mpya, vijana waliokodi miwani ya jua ya studio ili wapigwe picha. Siku hizi masanduku hayo yananuka siki. Anayejua filamu za zamani anajua harufu hiyo maana yake nini: plastiki ya asetati imeanza kuoza, na ikianza hairudi nyuma. Nikajitolea kuzinakili zote. Nilikuwa na kamera ya mitumba isiyo na kioo, pikseli milioni 16, nikatengenezewa stendi ya chuma na fundi wa jua kali kule Kondele, nikaweka taa ya LED chini ya kipande cha plastiki nyeupe. Kamera inatazama chini, negativu imelala, unabonyeza. Kazi rahisi.

Sanduku la kwanza lilipokwisha nilimwambia mzee, "Hizi tayari, jaduong'." Kesho yake akalichoma sanduku lote nyuma ya nyumba, kwa sababu ya ile harufu. Hakukosea. Mimi ndiye niliyesema tayari.

Miezi miwili baadaye bibi mmoja wa mtaa huu akafariki. Familia haikuwa na picha yake ya ujanani isipokuwa moja ya kikundi cha akina mama, ambayo ilikuwa ndani ya lile sanduku la kwanza. Wakaniomba niikuze uso wake kwa ajili ya bango la mazishi. Nilipoukuza kwenye skrini nikaona jambo la ajabu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha mirabaraba. Mistari iliyosimama ilikuwa safi, mmoja mmoja. Mistari iliyolala ilikuwa miwili miwili, kama mtu anayeona vitu viwili kwa homa. Midomo pia. Nguzo ya mlango nyuma yake, safi kabisa.

Bango lilichapishwa hivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika. Lakini mimi nilijua.

Fokasi mbaya hutia ukungu pande zote. Picha ikikosa ukali upande mmoja tu, kuna kitu kilisogea. Swali: kilisogea nini, na lini? Je, mzee alitikisa kamera yake miaka arobaini iliyopita? Nikachukua negativu chache za sanduku la pili, ambazo nakala zake zilikuwa na ugonjwa ule ule, nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Kila mstari ulikuwa mmoja. Kwa hiyo ukungu haukuwa wa mzee. Ulikuwa wangu.

TURUDI NYUMA KIDOGO

Daguerre alipotangaza njia yake ya picha mwaka 1839, hapakuwa na haja ya shata. Picha ilihitaji dakika nzima nzima, basi mpiga picha aliondoa kifuniko cha lenzi kwa mkono, akasubiri, akakirudisha. Mkono ukitikisa kamera kwa nusu sekunde mwanzoni, si neno, kwa kuwa nusu sekunde ni kidogo sana ndani ya dakika kadhaa. Kumbukeni hesabu hii, tutaihitaji baadaye.

Kemia ilipoboreka, muda ukapungua. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi mstarini huko Palo Alto, California, zenye shata za kujifyatua haraka, akaonyesha farasi akiwa hewani miguu yote minne. Kuanzia hapo mkono wa binadamu haukutosha tena. Ilibidi kuwe na mashine ndani ya kamera, yenye springi, inayoanza na kusimama kwa kasi. Na kitu chochote kinachoanza na kusimama kwa kasi hupiga teke. Anayepanda matatu analijua hilo bila kusoma fizikia.

Mashine hizo zikagawanyika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni shata ya majani, ambayo hukaa ndani ya lenzi. Majani madogo ya chuma hufunguka kutoka katikati kwenda nje, kama ua, kisha hujifunga. Iliyojulikana zaidi ni Compur, iliyotoka kiwanda cha Deckel mjini Munich mwaka 1912. Uzuri wake ni kwamba majani yanakwenda pande zote kwa pamoja: la kushoto likipiga teke, la kulia linapiga teke la kinyume, na yanafutana. Pia majani yenyewe ni mepesi sana.

Ukoo wa pili ni shata ya mapazia, ambayo hukaa mbele ya filamu. Pazia la kwanza linakimbia na kufunua filamu, la pili linalifuata na kufunika. Leica ya mwaka 1925 ilitumia mapazia ya kitambaa yaliyokimbia kutoka upande hadi upande. Contax ya mwaka 1932 ilitumia ya chuma, yaliyokimbia kutoka juu kwenda chini. Faida yake ni kubwa: unaweza kubadilisha lenzi bila kununua shata mpya kila mara, na unaweza kufikia 1/1000 ya sekunde. Hasara yake ni kwamba mapazia yote mawili yanakimbia upande mmoja na kugonga ukutani upande huo huo. Hakuna la kulifuta teke lile.

Kisha vikaja vioo. Katika kamera ya rifleksi ya lenzi moja kuna kioo nyuma ya lenzi ambacho lazima kiruke juu kabla ya picha kupigwa. Asahiflex IIb ya Japani, mwaka 1954, ilikuwa na kioo kinachorudi chenyewe mara moja, na baada ya hapo dunia nzima ikafuata. Kioo kile ni kizito kuliko pazia, na mtetemo wake ukawa maarufu. Wahandisi hawakukaa kimya. Nikon F ya mwaka 1959 ilikuruhusu kukiinua kioo na kukifunga juu kabla ya kupiga. Canon Pellix ya mwaka 1965 iliweka kioo chembamba kisichosogea, kinachopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi sehemu nyingine. Yoshihisa Maitani wa Olympus, kwenye OM-1 ya mwaka 1972 (mwanzoni iliitwa M-1), aliweka kituliza-mshtuko cha hewa ili kioo kisigonge kama mlango uliopigwa na upepo.

Sasa tazameni mzee wa Manyatta alikuwa na nini. Kamera yake ni ya lenzi mbili zilizopandana, aina iliyotumika katika studio nyingi za Afrika Mashariki. Lenzi ya juu ni ya kutazamia, ya chini ni ya kupigia. Kioo kipo, lakini kimetulia palepale, hakiruki. Na shata yake ni ya majani. Kamera hiyo ukiibonyeza unasikia "tiki" tu, kama saa ya mkononi. Yangu ikibonyezwa inasema "kra-klak", na mtoto aliyelala chumba cha pili anageuka. Masikio yangu yalinipa jibu siku ya kwanza, sikuyasikiliza.

KIOO KIKAONDOKA, TATIZO LIKABAKI

Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1, kamera ya lenzi za kubadilisha isiyo na kioo kabisa. Mtu angedhani basi, mtetemo umekwisha. La. Kamera isiyo na kioo inaonyesha picha kwenye skrini kutoka kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo shata yake inakaa wazi muda wote. Ukibonyeza, lazima kwanza mapazia yafunge, kisha la kwanza lifunguke ili picha ianze, kisha la pili lifunge, kisha yote yafunguke upya. Yaani kuna kishindo cha kufunga sekunde chache za sehemu ya mia kabla picha haijaanza, na kingine wakati inaanza. Na mwili wa kamera ni mwepesi, hauna uzito wa kumeza teke.

Sisi waandishi wa programu tungesema hapa kuna mdudu wa mpangilio: kazi B inaanza kabla kazi A haijatulia.

Dawa ya kihandisi ilikuwa tayari inajulikana. Canon EOS 40D ya mwaka 2007, ikipiga kupitia skrini kwa hali ya ukimya, ilianza picha bila pazia la kwanza: sensa inajifuta yenyewe mstari kwa mstari, na pazia la chuma linakuja mwishoni tu kufunga. Kishindo kinatokea picha ikiwa imeshapatikana. Hili huitwa pazia la kwanza la kielektroniki. Lakini si kila kamera ilipewa. Sony A7R ya mwaka 2013, yenye pikseli milioni 36, haikuwa nalo, na wapiga picha wa lenzi ndefu waliiandika sana kwa sababu hiyo. Nikon D810 ya mwaka 2014 ilipata. Olympus waliiongezea E-M1 mwaka 2014 kwa kubadilisha programu ya ndani tu, bila kugusa chuma chochote (hapa naomba waandishi wa programu tujipigie makofi kidogo). Panasonic, kwa GX80 ya mwaka 2016, waliondoa springi na kusukuma shata kwa sumaku ya umeme ili isimame polepole zaidi. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ikaondoa shata ya chuma moja kwa moja.

Kamera yangu ya mitumba ni ya kabla ya wema huo.

JARIBIO

Kushuku si kujua. Nilikuwa na washukiwa watatu: shata, stendi ya jua kali, na poshomili iliyo nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambayo ikisaga mahindi vikombe vinacheza kabatini. Hivi ndivyo nilivyowatenganisha, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa kamera yoyote.

Kwanza, nilichapisha karatasi ya miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti, nikaiweka mahali pa negativu. Miraba ina kingo zilizolala na zilizosimama kwa idadi sawa. Nikazima mfumo wa kutuliza picha, maana nao una injini yake na unaweza kuleta mashaka mapya. Nikatumia kihesabu cha sekunde kumi ili mkono wangu usihusike. (Angalia: kihesabu hakiponyi shata. Shata inagonga baada ya hesabu kwisha.)

Pili, nilipiga picha kumi kwa kila kasi: 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500. Kumi, kwa sababu mtetemo ni bahati nasibu kidogo, na picha moja nzuri inaweza kukudanganya. Mimi ilinidanganya siku ya kwanza.

Tatu, kiprogramu. Ni mistari thelathini hivi ya Python. Kinachukua kila pikseli na kutoa tofauti yake na iliyo chini yake, kinazidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kinatafuta wastani. Hicho ni kipimo cha ukali wa kingo zilizolala. Kisha kinafanya hivyo hivyo na pikseli ya kulia, kupima kingo zilizosimama. Kinagawanya cha kwanza kwa cha pili. Picha tulivu inatoa jibu karibu na 1. Fokasi ikikosea, vyote viwili vinashuka pamoja na jibu linabaki karibu na 1. Likishuka chini sana ya 1, kamera ilisogea juu na chini.

Nikafanya hayo saa saba usiku, poshomili imelala. Kwenye 1/500 jibu lilikuwa karibu na 1. Kwenye 1/250 likaanza kushuka. Kwenye 1/125 na 1/60 likaanguka hadi karibu nusu. Kwenye 1/15 likapanda tena. Na mimi sanduku zima nilikuwa nimelipiga kwa 1/60! Huko ni katikati ya bonde.

Umbo la bonde hilo lina sababu. Kasi ikiwa kubwa sana, picha inakwisha kabla kamera haijasogea mbali. Kasi ikiwa ndogo sana, mtetemo ni sehemu ndogo tu ya muda wote. Katikati, picha nzima inapigwa ndani ya mtetemo. Pikseli za sensa yangu ni kama maikromita 4 kila moja, kwa hiyo mistari miwili iliyoachana pikseli mbili ni mwendo wa maikromita 8. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko huo. Hakuna jicho litakaloona kamera ikisogea kiasi hicho, wala mkono kuhisi.

Nne, niliigeuza kamera robo duara juu ya stendi, karatasi ikibaki palepale. Hili ndilo jaribio ninalolipenda. Kama kosa ni la sakafu au stendi, ukungu utabaki upande ule ule wa meza. Kama ni la shata, utageuka pamoja na kamera. Uligeuka. Mwisho nikatumia shata ya kielektroniki ya kamera hiyo hiyo, ambayo haisogezi chuma chochote, na jibu likarudi 1. Fundi wa Kondele na mwenye poshomili, nawaomba radhi, niliwashuku bure.

DAWA NILIYOCHAGUA

Mtaniuliza, kama shata ya kielektroniki inaponya, kwa nini nisiitumie hiyo? Kwa sababu sensa za umri huo husoma picha taratibu, mstari kwa mstari, na taa yangu ya LED ya bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa kuwa stima yetu ni ya hezi 50. Matokeo yake ni mikanda myeusi kwenye picha. Flashi ingeweza kusaidia pia: mwanga wake ni mfupi mno kiasi kwamba kamera haipati muda wa kusogea.

Nilichochagua ni cha zamani kuliko vyote. Nikapunguza mwanga, nikazima taa za chumba, nikapiga kila negativu kwa sekunde mbili. Tuseme mtetemo unadumu 1/20 ya sekunde. Kwenye 1/60 umekula picha yote. Kwenye sekunde mbili ni sehemu moja tu kati ya arobaini. Ni ile ile hesabu ya kifuniko cha lenzi cha mwaka 1839. Kazi inafanyika usiku, polepole, na stima ikipotea unangoja.

Masanduku mawili mpaka matano nimeyarudia yote. La sita ninaendelea nalo. Sasa kila nakala inapita kwenye kiprogramu kwanza, na ninatazama fremu moja kati ya kumi kwa macho kabla ya kusema neno lolote kwa mzee. Tumekubaliana hakuna kuchoma tena. Negativu zinakaa kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu penye hewa, hata kama zinanuka.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu picha alizopiga mwanaanthropolojia Evans-Pritchard hapa Ujaluo mwaka 1936. Zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, na mwaka 2007 nakala zake zilioneshwa huku Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene. Picha zile ziliweza kurudi nyumbani baada ya miaka sabini kwa sababu kuna mtu aliyezitunza. Picha za mzee wetu hazina makumbusho. Zina stendi ya jua kali na mimi.

Kuhusu sanduku la kwanza, hakuna programu itakayolirudisha. Nimejaribu zile za kuondoa ukungu. Zinachora mstari mmoja, lakini ni mstari wa kukisia. Nilikwenda kwa mzee kumweleza, nikamwonyesha kitambaa cha yule bibi kwenye skrini, mistari miwili miwili. Alikitazama kwa muda. Akasema, "Nyathina, siku hiyo upepo wa ziwa ulikuwa mkali, akina mama wote walishika vitambaa." Kisha akaniuliza kama sanduku la sita lina picha za timu ya mpira ya mtaa, maana golikipa wake bado yuko hai na anazitaka.

Zimo. Nitazipiga leo usiku, sekunde mbili kila moja. Kile kiprogramu nikishakisafisha kidogo nitakiweka hapa mkichukue bure. Tuonane.